Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchagua na Kufuga Labridi kwenye Tangi la Matumbawe, Mombasa

Majibu haya ni ya mkazi wa Mombasa mwenye tangi la maji ya chumvi nyumbani, lenye matumbawe hai, anayetaka kuongeza labridi mmoja au kikundi. Sisi tuna bahati ambayo mfugaji wa London au Chicago hana. Wengi wa samaki hawa wanaishi hapa hapa nje ya mwamba wetu, na hufika dukani bila kupanda ndege. Bahati hiyo inatudai tuwatunze vizuri zaidi.

Msingi wa karibu kila jibu hapa chini ni mmoja: kabla hujapendezwa na rangi, uliza samaki huyu analala wapi na atafikia urefu gani akikomaa.

Labridi ni samaki gani hasa?

Ni samaki wa familia ya Labridae, yenye spishi zaidi ya 500. Ukivaa miwani ya kuzamia ukaogelea nje ya mwamba wa Nyali au Shimoni, ni wale wenye mwili mwembamba wanaokwenda kwa kupiga mapezi ya kifuani kama makasia, huku mkia umetulia. Pono tunayemjua sokoni ni ndugu yao wa karibu, na wataalamu wengi siku hizi humhesabu ndani ya familia hiyo hiyo.

Nimetumia majina ya kisayansi makusudi; neno la kwanza likisimama peke yake, kama Coris, ni jina la kundi zima la spishi. Madukani samaki huitwa kwa rangi, na kwa labridi rangi hudanganya: mtoto, jike na dume wa spishi moja wanaweza kuonekana kama samaki watatu tofauti. Mwombe muuzaji akuandikie jina la kisayansi kwenye risiti. Asipolijua, tafuta picha za mtoto na za mkubwa kabla hujatoa pesa.

Nianze na yupi?

Kama tangi lina lita 250 au zaidi na mchanga wa kutosha, ningekushauri Halichoeres iridis. Ni mwenyeji wa magharibi ya Bahari ya Hindi, mwili wake una rangi ya damu ya mzee, kichwa cha manjano ya chungwa kilichochorwa mistari ya buluu na kijani. Hazidi sana sentimita 11. Hagusi matumbawe, na mchana kutwa yuko mawindoni: anasimama mbele ya jiwe, analitazama kwa jicho moja, anageuka analitazama kwa la pili, kisha anadonoa kitu ambacho wewe hukukiona. Anakula minyoo bapa na konokono wadogo wanaonyonya kome, kwa hiyo tangi linafaidika naye.

Halichoeres cosmetus naye ni mpole na anapatikana pwani yetu. Usipopenda mchanga mwingi, mchukue Cirrhilabrus exquisitus. Huyu hula vijidudu vinavyoelea majini na hulala ndani ya nyufa za mawe, kwa hiyo hata mchanga wa kiasi kidogo unamtosha. Jamaa zake wa Cirrhilabrus ni wazuri ajabu, na si wote wanaojulikana bado: mwaka 2019 wanasayansi walieleza spishi mpya, Cirrhilabrus wakanda, kutoka miamba ya Zanzibar iliyo kwenye kina cha zaidi ya mita 50. Hapo ni mlangoni petu.

Macropharyngodon bipartitus, yule ambaye jike lake lina mgongo wa chungwa wenye madoa meupe na tumbo jeusi, ndiye anayeombwa zaidi na anayekufa zaidi mikononi mwa wanaoanza. Ni samaki wa tangi lililokomaa. Ukifuga kwa mwaka mmoja bila mtikisiko, na ukiona vijidudu vinatambaa kwenye kioo usiku unapomulika tochi, hapo mfikirie.

Yupi nisimchukue hata akiwa mdogo na mzuri?

Coris. Mtoto wa Coris cuvieri ni mwekundu wa chungwa mwenye mabaka meupe yaliyozungushiwa weusi, na hakuna anayemwona dukani akapita. Lakini hufikia karibu sentimita 38, na akikua hupindua mawe kutafuta chakula, matumbawe uliyoyagundisha yakaanguka. Coris formosa hufika sentimita 60, na Coris aygula hufika zaidi ya mita. Hawa ni samaki wa bahari.

Novaculichthys taeniourus, mwenye nyuzi kichwani akiwa mtoto, hali yake ni hiyo hiyo: hufika sentimita 30 na kazi yake ya kila siku ni kuhamisha mawe. Gomphosus caeruleus, mwenye pua ndefu, na Thalassoma hebraicum, mwenye mkanda wa dhahabu, ni imara na wanaishi vizuri, ila wanahitaji tangi kubwa na watakula kamba na kaa wako wote wadogo. Ukitaka tangi la samaki wakubwa wenye nguvu, basi wafuge wao, lakini usiwachanganye na wapole.

Napoleoni, Cheilinus undulatus, asitajwe kabisa nyumbani. Hupita mita 2, yuko hatarini kutoweka, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Na yule msafishaji mwenye mstari mweusi? Si atawatoa wenzake vimelea?

Labroides dimidiatus. Swali hili linaniuma, kwa sababu ni samaki wa bei nafuu, hupatikana kirahisi, na wengi hukonda wakafa.

Baharini ana kituo chake mwambani. Samaki wengine humjia, hufungua midomo na matamvua, naye huwasafisha. Utafiti wa mwanasayansi Alexandra Grutter kule Great Barrier Reef, mwamba mkubwa wa Australia, ulikuta kwamba msafishaji mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku. Fikiria hesabu hiyo, kisha tazama tangi lenye samaki sita. Vikiisha vimelea siku ya kwanza, anaanza kula ute wa ngozi za wenzake, nao wanamkimbia. Wapo wanaojifunza kula chakula cha kugandishwa, lakini wengi hawajifunzi. Tena ukimtoa mwambani, umewanyima huduma samaki wote waliokuwa wanapanga foleni kwake.

Mwache huko. Ukitaka kuona usafishaji nyumbani, weka kamba msafishaji, Lysmata amboinensis. Huyo anakula chochote unachotia.

Nimemweka samaki tangini jana, leo haonekani. Amekufa?

Huenda amelala. Halichoeres, Macropharyngodon, Anampses na Coris hulala chini ya mchanga. Taa zikianza kufifia utamwona anazunguka sehemu moja, anainamisha kichwa, na kwa mpigo mmoja wa mkia ameingia. Panabaki alama ndogo tu juu ya mchanga. Siku za kwanza, kwa sababu ya woga, anaweza kubaki humo siku kadhaa mfululizo. Usimfukue. Anayefukuliwa hupata mshtuko wa pili juu ya ule wa safari, na mkono wako unaweza kumvunja. Washa taa na uzime kwa saa zile zile, weka chakula kidogo asubuhi, ungoje.

Saa za alikotoka nazo zina maana. Samaki aliyevuliwa Shimoni au Kilifi anafuata jua letu: saa kumi na mbili jioni anatafuta mchanga wake. Lakini Halichoeres chrysus wa manjano akiletwa kutoka Bali, saa za kwao ziko mbele yetu kwa 5. Jua lake linatua saa saba mchana wetu, na usiku wa manane, saa saba, yeye anatoka kutafuta chakula gizani. Kwa siku hizo za mwanzo mpe chakula asubuhi na mapema kabla hajaingia. Atazoea.

Cirrhilabrus, Paracheilinus na Pseudocheilinus hawaingii mchangani. Hujibana ndani ya mawe na baadhi yao hujifunika mfuko wa ute kama afanyavyo pono. Usingizi wa pono tunaousema ni huo huo. Ukimulika tochi usiku ukamwona samaki yuko ndani ya kitu kama nailoni nyembamba, usimguse, ni mzima.

Mchanga uwe wa namna gani?

Mchanga laini wa matumbawe, chembe za milimita 1 hivi, kina kisipungue sentimita 5. Kwa samaki anayezidi sentimita 12 ongeza hadi 7 au 8. Si lazima tangi zima liwe hivyo. Kona moja ya mbele isiyo na mawe inatosha, mradi ibaki hivyo siku zote. Vipande vikubwa vya matumbawe yaliyosagwa havifai. Samaki akijitupa humo kila jioni hukwaruza midomo na ubavu, na majeraha hayo ndiyo yanayooza baadaye. Nikiona labridi dukani mwenye mdomo uliovimba au kuchubuka, simnunui, maana asiyeweza kudonoa hawezi kula.

Nani anakaa na nani?

Hapa ndipo watu wengi huharibu, nami nitakaa kidogo.

Labridi anamchukia zaidi anayefanana naye. Dume wa Cirrhilabrus atampuuza Halichoeres mwenye umbo refu, lakini atamkimbiza dume mwingine wa Cirrhilabrus mwenye wekundu kama wake. Kwa hiyo, kwa tangi la lita 300 hadi 400, mchanganyiko ninaouamini ni huu: dume mmoja wa Cirrhilabrus, Halichoeres mmoja au wawili wa spishi tofauti na rangi tofauti, na baadaye, tangi likikomaa, jike mmoja wa Macropharyngodon. Ukitaka kikundi cha spishi moja, nunua majike wadogo watatu waliopishana ukubwa na uwatie siku moja. Mkubwa wao atageuka dume kwa wakati wake, na wengine watamkubali. Madume wawili waliokwisha kukomaa ndani ya vioo vinne hawatapatana.

Mpangilio wa kuingia una uzito sawa na uchaguzi wenyewe. Waoga waingie kwanza, wakali mwisho. Macropharyngodon akikuta tangi lina wababe tayari, hatoki mchangani kula, na akiba ndogo iliyo mwilini mwake haimchukui mbali. Pseudocheilinus hexataenia, mdogo wa mistari sita, anapendwa kwa sababu hazidi sentimita 10, lakini kwa ubabe anawashinda walio mara mbili yake. Mimi simweki pamoja na Cirrhilabrus wala Paracheilinus. Ukimtaka kwa lazima, awe wa mwisho kabisa kuingia, na ujue kwamba baada yake hutaongeza mwingine mdogo kwa amani.

Mgeni usimwachie tu majini. Tengeneza kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu, kitundike ndani ya tangi kwa siku 3 au 4, mgeni akiwa humo na kipande cha bomba la kujificha. Wenyeji watakuja, watatandaza mapezi, watagonga plastiki. Wakishachoka na kumzoea, na yeye akishaanza kula humo ndani, fungua kisanduku jioni taa zikiwa chini. Kama anayelala mchangani, mwekee bakuli dogo la mchanga ndani ya kisanduku.

Wameanza kupigana. Nifanye nini?

Tofautisha maonyesho na vita. Dume kutandaza mapezi, kung'aa na kupita kasi mbele ya mwenzake ni desturi ya kila siku, na ndiyo raha ya kumfuga. Pezi lililochanika, mgeni anayejibana kona ya juu karibu na pampu, au anayekosa chakula siku mbili, hiyo ni vita. Bandika kioo cha kujitazamia nje ya tangi upande anaokaa mkali. Atashughulika na sura yake mwenyewe kwa siku kadhaa na mgeni atapumua. Ikishindikana, mtoe mkali, si mnyonge. Mkali akikaa wiki mbili pengine na kurudi akiwa mgeni, mara nyingi adabu imeingia.

Ni kweli jike hugeuka dume?

Kweli, na kwa spishi nyingi za familia hii ndiyo njia ya kawaida ya kupata dume. Mwanasayansi Ross Robertson aliieleza kwa Labroides dimidiatus, yule msafishaji, mwaka 1972: dume mmoja na majike wake, dume akifa, jike mkubwa huanza tabia za kidume kwa muda wa saa chache tu. Kwako wewe maana yake ni kwamba usilipe zaidi kwa dume. Nunua jike, mlishe vizuri, na rangi zitakuja mbele ya macho yako. Angalizo moja: dume wa Cirrhilabrus anayeishi peke yake bila majike wala madume wa kushindana nao mara nyingine hupauka. Jike mmoja au wawili humrudishia rangi.

Je, nahitaji kifuniko?

Unahitaji, tena kabla ya samaki. Labridi wote huruka. Hushtuka taa ikizimwa ghafla, mlango ukibamizwa, au mwenzake akimkimbiza, na tundu dogo la waya wa pampu linamtosha. Mtafute fundi wa madirisha ya alumini akukatie fremu ya kipimo cha tangi lako, kisha uvishe wavu angavu wenye matundu ya milimita 6. Wavu wa mbu nao huzuia samaki, ila hupunguza mwanga wa matumbawe na kujaa chumvi. Kioo kizima sikipendi kwa hali ya hewa yetu kwa sababu huzuia joto lisitoke.

Na stima inapokatika usiku, ghafla giza, ndipo wengi huruka. Taa ndogo ya betri inayowaka yenyewe karibu na tangi huwatuliza.

Maji na joto la Mombasa vinawafaa?

Joto la 25 hadi 27 linawafaa. Bahari yetu wakati wa kusi hushuka karibu na 25, na Machi hadi Aprili hupanda hadi 29 au 30, lakini baharini maji yana kina na mkondo. Tangini joto likipanda, hewa hupungua na ugomvi huongezeka. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha digrii 2 au 3. Kwa nyumba ya ghorofani inayopigwa na jua la jioni, utahitaji mtambo wa kupoza.

Feni ina gharama yake: maji hukauka haraka na chumvi kupanda. Jazia kila siku kwa maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa kwa mtambo wa RO (unaosukuma maji kupitia utando mwembamba), chumvi ya tangi ibaki 35 kwa elfu. Maji ya kisima ya mitaa yetu mengi yana chumvichumvi na uchafu, usiyatumie. Ukichota maji ya bahari, chota maji yakiwa yamejaa, upande wa bahari kuu, mbali na Tudor na Kilindini, na si siku za mvua ya masika.

Nunua pia pampu ya hewa ya betri. Chini ya wavu, katika joto la Machi, stima ikikosekana saa kadhaa, pampu hiyo ndiyo uhai.

Wanakula nini, mara ngapi?

Kidogo kidogo, mara 3 kwa siku. Tumbo la labridi ni fupi na anatembea mchana kutwa. Mlo mmoja mkubwa haumfai. Mysis na Artemia wa kugandishwa, vijikamba wadogo sana, ndio msingi, na Artemia hupatikana kwetu kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Kamba mbichi wa sokoni aliyesagwa na kusuuzwa ni chakula kizuri pia. Uduvi mkavu wa dukani una chumvi na vumbi, uloweke na kuusuuza kwanza, na usiufanye chakula cha kila siku.

Macropharyngodon mtazame kwa juu na kwa mbele, si kwa ubavu. Mgongo nyuma ya kichwa ukiwa umebonyea, anakufa njaa hata kama unamwona anadonoa.

Watanilia kamba na konokono?

Cirrhilabrus na Paracheilinus, hapana. Halichoeres wadogo, kamba mdogo sana ndio walio hatarini, hasa akitoka kuambua gamba. Thalassoma na Coris, ndiyo, wote. Matumbawe yenyewe hawali.

Ninunue wapi, na nitazame nini?

Nunua kwa mwenye leseni ya samaki wa mapambo ambaye wapiga mbizi wake hutumia nyavu za mkono. Muulize samaki amevuliwa lini na amekula nini. Mwambie amlishe mbele yako. Labridi mzima hana haya: macho yanazunguka, tumbo limejaa, anakuja mbele. Anayelala ubavu juu ya kioo kitupu cha duka pengine si mgonjwa bali amekosa mchanga, ila usimchukue mpaka umwone amekula.

Usijivulie mwenyewe ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Eneo hilo limelindwa tangu 1986, na hao samaki unaowaona wakija dukani wengine wanazaliwa kwa sababu pana mahali wasipoguswa.

Nimweke karantini? Na dawa ya shaba?

Karantini ndiyo, wiki 3 au 4, na ndani yake lazima pawe na bakuli la mchanga kwa wanaoulalia. Bila hilo hulala wazi, hawapumziki, huacha kula. Ukilazimika kutumia shaba kwa ugonjwa wa madoa meupe, badilisha mchanga wa matumbawe uweke wa madini ya silica, kwa sababu ule wa matumbawe hunyonya shaba na kipimo chako kinakuwa cha uongo. Pandisha kipimo polepole kwa siku kadhaa, pima kila siku, na ukiona samaki ameacha kula, badilisha sehemu ya maji siku hiyo hiyo. Katika tangi lenye matumbawe shaba isiingie kamwe.